Simba wanatoweka kweli, ilhali huku Liwale tunaogopa kutoka nje usiku?

Mkulima wa Liwale ameuliza:

Nawasalimu wote. Ninaandika kutoka kijiji kimoja kilichoko kusini mwa Liwale mjini, upande wa barabara iendayo Nachingwea, ambako ukiyamaliza mashamba ya ufuta na mikorosho hukuti kitu kingine isipokuwa miombo mpaka macho yachoke. Juzi usiku mbuzi wawili wa jirani yangu waliuawa. Mmoja alibebwa mzima, na wa pili tulimkuta asubuhi nyuma ya zizi ameliwa nusu. Kwenye tope la kisimani tulikuta nyayo kubwa, na kabla jua halijapanda kijiji kizima kilikuwa kimekwisha kukata shauri kwamba huyo ni simba. Kwa kuwa sikutaka kubishana nikiwa mikono mitupu, nilichukua beseni la mke wangu nikaufunika unyayo mmoja uliokaa vizuri, kisha nikaweka jiwe juu yake.

Jana mpwa wangu anayesoma Mtwara alinionyesha kwenye simu habari isemayo kwamba simba ni mnyama aliye katika hatari ya kutoweka, na kwamba amebakiwa na chini ya sehemu moja ya kumi ya eneo alilokuwa akiishi zamani. Nakiri kwamba nilicheka. Marehemu baba yangu alikuwa akilala dunguni kila msimu wa mavuno, mkuki ukiwa ubavuni, na mwaka nilioanza darasa la kwanza tulikatazwa kwenda chooni baada ya magharibi kwa muda wa miezi mitatu, tukawa tunatumia kopo. Mtu aliyelelewa hivyo akiambiwa simba wanakwisha, anaona kama ameambiwa kwamba mchwa wanakwisha.

Ninaomba kueleweshwa mambo mawili. Kwanza, hizo hesabu hupatikanaje, maana sijapata kumwona mtu akija kijijini kwetu kuhesabu simba. Pili, ikiwa ni kweli wamepungua, kwa nini sisi tunakutana nao? Jambo la tatu ni la haraka zaidi: vijana wanataka kuyapaka mabaki ya yule mbuzi dawa ya kuulia wadudu wa shambani na kuyarudisha porini jioni ya leo. Mwenyekiti wa kitongoji ameniuliza nina maoni gani, nami sijamjibu.

Mstaafu wa Nachingwea amejibu:

Ndugu Mkulima, nianze na la tatu kwa sababu nyama haisubiri. Mwambie mwenyekiti azuie. Nilifanya kazi ya uaskari wa wanyamapori kwa zaidi ya miaka ishirini na nimezikuta sehemu zilizotiwa sumu; simba mwenyewe mara nyingi hayumo miongoni mwa waliokufa. Utawakuta tumbusi wamelala kifudifudi, mabawa wazi, wengine wakiwa bado na nyama mdomoni. Utamkuta fisi hatua chache kutoka hapo, na mbwa wa kijiji aliyepita kunusa. Mvua ikinyesha, dawa hiyo inateremka kisimani, na kwa maelezo yako kisima kiko karibu. Kumwekea mnyama sumu ni kosa la jinai, lakini hata lisingekuwa kosa ningekuambia vilevile. Mfukieni huyo mbuzi, shimo liwe refu, na mpige taarifa kwa ofisi ya wanyamapori ya wilaya leo hii, mkitaja saa, mahali na mlichokiona, bila kuongeza chumvi.

Kabla hujaufunua unyayo wako, nikueleze cha kutazama. Simba, kama paka wa nyumbani, hutembea huku amezirudisha kucha ndani, kwa hiyo unyayo wake huonyesha vidole vinne vya mviringo bila tundu lolote la kucha mbele yake. Kiganja chake upande wa nyuma kina mabonde mawili yanayokifanya kionekane kama kina visigino vitatu. Unyayo wa mbele wa simba mkubwa hupita sentimita kumi na moja kwa upana, hukaribia kisahani cha kikombe cha chai. Fisi ni mwingine kabisa. Kucha zake ni butu na huacha alama kila anapokanyaga, kiganja chake kimekaa kimshazari, na mguu wake wa mbele ni mkubwa kuliko wa nyuma. Watu wengi hutazama ukubwa peke yake, na kwenye tope laini unyayo wa fisi hutanuka ukakutisha bure.

Sasa hesabu. Umesema kweli kwamba hakuna anayekwenda kijiji kwa kijiji akihesabu simba kama sensa. Wataalamu hutumia njia kadhaa. Hufuata nyayo kwenye njia za mchanga kwa umbali uliopimwa. Hufunga kamera mitini zinazojipiga zenyewe mnyama anapopita, kisha humtambua kila simba kwa madoa ya masharubu na makovu yake. Na mahali pengine huegesha gari usiku, wakapiga kwa kipaza sauti mlio wa ndama wa nyati anayelia kwa uchungu, wakahesabu wanaokuja. Njia hizi zote zina upungufu wake, na ndiyo sababu utaona wanatoa kiwango cha chini na cha juu badala ya tarakimu moja. Makadirio mengi ya miaka ya karibuni huweka simba waliokomaa waliobaki porini Afrika nzima baina ya 20,000 na 25,000. Orodha nyekundu ya IUCN, lile shirika la kimataifa la uhifadhi, inakisia kwamba walipungua kwa takriban asilimia 43 kati ya mwaka 1993 na 2014, ingawa Botswana, Namibia, Afrika Kusini na Zimbabwe kwa ujumla waliongezeka kidogo.

Kuhusu eneo, habari aliyokuonyesha mpwa wako ni sahihi. Zamani simba walienea karibu Afrika yote isipokuwa katikati ya jangwa la Sahara na ndani ya misitu minene ya mvua, wakavuka hadi Ugiriki, Uajemi na India. Leo Afrika ya Kaskazini hakuna hata mmoja. Asia nzima imebakiwa na wale wa msitu wa Gir na vitongoji vyake huko Gujarat, India, ambao hesabu ya mwaka 2025 iliwataja kuwa 891. Afrika ya Magharibi hali ni mbaya kuliko wengi wanavyodhani, kwani utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta simba takriban 400 tu, waliobanwa katika asilimia 1.1 ya eneo lao la kale. Tanzania ndiyo nchi yenye simba wengi kuliko zote duniani, na kusini yetu hii ni sehemu kubwa ya sababu hiyo. Kwa hiyo wewe umekaa kwenye mojawapo ya vyungu vya mwisho vyenye mchuzi, na kutoka hapo si rahisi kuona kwamba vingine vimekauka.

Mjukuu wa Rondo amejibu:

Shikamoo Mzee Mstaafu. Nimesoma kwa heshima, lakini naomba niseme jambo ambalo watu wanaoandika kuhusu simba hulipitia haraka kama wanaoruka dimbwi.

Mjomba wangu aliuawa na simba mwaka 2001, katika shamba la mpunga, umbali ambao sauti ya mtu hufika nyumbani. Alikuwa analinda mpunga usiliwe na nguruwe pori. Dungu lake lilikuwa la miti na makuti, bila ukuta, na alikuwa ameteremka kuchochea moto. Mama yangu hadi leo hapiki mpunga wa bonde lile. Hatukuwa peke yetu: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua Watanzania wasiopungua 563 na kujeruhi zaidi ya 300, na wilaya zilizoongoza zilikuwa hizi zetu za ukanda wa kusini mashariki, kuanzia Rufiji kushuka Lindi hadi Mtwara. Watu 563 ni kijiji. Nikisikia mtu wa mbali akisema simba wamebaki wachache, namuuliza kimoyomoyo kama amepata kuwahesabu na wale waliokwenda naye.

Wala sisemi wauawe wote. Ninasema kwamba anayetaka simba abaki Lindi alipe sehemu ya gharama ya kubaki kwake. Tulifuatilia kifuta machozi, yale malipo ya serikali kwa waliofiwa, kwa muda mrefu. Faili lilihama meza hii hadi ile, mara fomu haina muhuri, mara shahidi hayupo, mpaka babu akasema tuache tumlilie mtu wetu kwa amani. Wakati huohuo pakawa na minong'ono kwamba yule alikuwa simba wa kutumwa, na mzee mmoja jirani, ambaye kosa lake lilikuwa kuishi peke yake, akalazimika kuhama. Kwa hiyo simba mmoja alitunyang'anya watu wawili.

Mstaafu wa Nachingwea amejibu:

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Sina la kupinga katika uliyoandika. Niliwahi kuwafuata simba wa aina hiyo mara tatu katika kazi yangu, na mara mbili tulichelewa kwa sababu wanakijiji walikuwa wanatazamana wao kwa wao badala ya kutazama nyayo. Anayeamini kwamba simba katumwa na jirani haoni haja ya kumwita askari.

Niongeze kitu kimoja ambacho wazee walikijua na wataalamu wakakithibitisha. Watafiti waliyapanga matukio karibu 500 ya watu kushambuliwa na simba hapa Tanzania kati ya mwaka 1988 na 2009, wakayalinganisha na mwezi wa angani. Mengi yalitokea kati ya saa 12 jioni na saa 4 kasoro robo usiku, na yaliongezeka mara mbili hadi nne katika siku kumi zinazofuata mwezi mpevu, ukilinganisha na siku kumi zinazoutangulia. Sababu yake ni nyepesi. Mwezi ukiwa mpevu simba hapati windo kwa urahisi kwa kuwa anaonekana, basi anashinda na njaa. Ukianza kupungua, unachelewa kuchomoza, na saa zile ambazo watu bado wako nje zinakuwa giza tupu. Mkulima, tazama kalenda yako kabla ya kumtuma mtoto kisimani jioni.

Mwalimu wa Nanyumbu amejibu:

Ninafundisha jiografia katika wilaya hii ya mpakani, mahali ambapo mtu akisimama kwenye kilima anauona Mto Ruvuma na Msumbiji ng'ambo yake, na swali la pili la Ndugu Mkulima ndilo ambalo wanafunzi wangu huniuliza kila mwaka. Mzee Mstaafu amelijibu kwa upande wa dunia. Mimi nijaribu kulijibu kwa upande wa shamba.

Simba hamfuati mtu, humfuata anayeliwa. Pori likiwa na nyati, kongoni, pofu na ngiri wa kutosha, simba hana haja ya kuja kunusa moshi wa jikoni. Tatizo ni kwamba kandokando ya mapori wanyama hao ndio wanaotangulia kuisha, kwa bunduki na hasa kwa mitego ya nyaya, ile inayotengenezwa kwa waya wa breki ya baiskeli au nyuzi zilizochomolewa kwenye tairi la lori. Mtego hauchagui. Umewekwa kwa ajili ya kongoni, na simba jike akapita akaingiza shingo. Atakufa siku hiyo, au atatembea miezi na waya umezama nyamani, asiweze kukimbiza kitu chenye mbio. Simba wa namna hiyo ndiye atakayejaribu mbuzi wa jirani yako.

Anayebaki kwa wingi pembezoni mwa mashamba ni nguruwe pori. Huyu hula mihogo, mahindi na mpunga wetu, hutembea usiku, huzaa sana, na kwa kuwa wengi wetu katika pwani hii hatumli, hakuna anayemwinda kwa bidii ya njaa. (Nimewahi kumsikia mzee mmoja akisema kwamba nguruwe wa Lindi analindwa na dini kuliko ndovu anavyolindwa na serikali.) Basi mkulima analala shambani kuyalinda mazao dhidi ya nguruwe, nguruwe anakuja kula, simba anakuja kumfuata nguruwe, na wa tatu anamkuta wa kwanza amelala chini ya makuti. Ule uchunguzi wa mwaka 2005 alioutaja Mjukuu wa Rondo ulisema hivyohivyo: mashambulizi yalizidi kati ya Machi na Mei, mazao yanapokomaa na kuvunwa, na penye nguruwe wengi na wanyama wengine wachache ndipo watu waliposhambuliwa zaidi. Kwa hiyo Ndugu Mkulima, kukutana na simba kila msimu hakupimi wingi wa simba. Kunapima jinsi pori lilivyopungukiwa na chakula, na jinsi shamba lilivyolisogelea.

Jambo jingine ni njia. Upande wenu mna Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019 ikiwa na zaidi ya kilomita za mraba 30,000, pamoja na sehemu ya Selous iliyobaki. Upande wangu, ng'ambo ya Ruvuma, ipo hifadhi ya Niassa yenye zaidi ya kilomita za mraba 42,000. Katikati yake ndipo tulipo sisi: Liwale, Nachingwea, Masasi na Nanyumbu, na kwa upande wa magharibi Tunduru na Namtumbo. Ukiitazama ramani utaona mapande madogo ya mapori ya akiba, kama Msanjesi na Lukwika-Lumesule, yaliyokaa mithili ya mawe ya kukanyagia mtoni. Dume kijana akifukuzwa na wakubwa wake hulazimika kwenda kutafuta kwake, na kila mwaka tunapofyeka ekari nyingine za ufuta kati ya jiwe na jiwe, hatua inakuwa ndefu zaidi. Atajaribu kuvuka vilevile, ila sasa atavuka kupitia kisima chenu.

Msije mkadhani kwamba simba wakifungiwa mahali pamoja wataendelea tu. Mwaka 1962 katika kreta ya Ngorongoro, baada ya mvua nyingi, mainzi wanaouma waliwashambulia simba hadi wakabaki takriban kumi, na tangu hapo kizazi chao kimetokana na hao wachache pamoja na madume kidogo walioingia kutoka nje, kiasi kwamba watafiti walikuta damu yao imekaribiana mno. Serengeti nako, mwaka 1994, ugonjwa unaotoka kwa mbwa uliua karibu theluthi moja ya simba, yaani kama 1,000. Serengeti waliongezeka tena kwa sababu ni kubwa na imeungana na maeneo mengine. Kundi dogo lililozungukwa na mikorosho lisingeinuka.

Mfugaji Kilwa amejibu:

Mimi si mzaliwa wa huku. Familia yetu ilifika mwaka 2007 na ng'ombe wetu, tulipoondolewa Usangu. Nitasema machache. Zizi la miti iliyosimamishwa kwa kuachana halizuii kitu, kwa sababu ng'ombe au mbuzi akimwona simba hutaharuki na kulivunja mwenyewe kutoka ndani, kisha anauawa nje. Zungushieni miiba mizito, nene kiasi kwamba mnyama wa ndani hamwoni wa nje. Mbwa wawili wanaobweka wanatosha; mbwa mmoja ataliwa.

Mkulima wa Liwale amejibu:

Nawashukuru nyote, na Mjukuu wa Rondo nakupa pole, maana nami nina majina kama hayo katika ukoo wangu ambayo sikuyataja.

Vijana walikuwa wamekwisha kuchanganya dawa katika debe nilipofika. Nilimsomea mwenyekiti jibu la Mzee Mstaafu mbele yao, na lililowagusa halikuwa la tumbusi wala la sheria, lilikuwa la kisima. Kisha nikawaomba twende wote tukaufunue ule unyayo, kwa sababu kila mmoja alikuwa na uhakika wake.

Nililiinua beseni polepole. Tope lilikuwa limekauka kidogo pembeni, lakini umbo lilikuwa kamili. Upana wake, nilipoupima kwa rula ya mwanangu, ulikuwa sentimita tisa na nusu. Kiganja kilikuwa kimelala upande, kama alivyoandika Mzee, na mbele ya kila kidole palikuwa na tundu dogo butu, manne kwa hesabu, yaliyojaa maji ya usiku. Tulitafuta unyayo mwingine usiokuwa na kucha tukaukosa. Mzee mmoja aliyekuwa ameapa jana kwamba amesikia ngurumo aliutazama muda mrefu, akasema labda simba alikuja pamoja na fisi, kisha akaenda zake.

Sikusema kitu, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimekwisha kumwandikia mpwa wangu ujumbe wa kumcheka. Nimeufuta, ingawa nadhani aliusoma. Mbuzi tumemfukia jana alasiri, shimo la kufika kiunoni, na kesho tunakwenda kukata miiba ya zizi. Dawa iliyochanganywa bado iko kwenye debe chini ya mwembe wa mwenyekiti, imefunikwa kwa lilelile beseni, na mke wangu amesema halitaki tena. Mzee Mstaafu, ile dawa tuimwage wapi?

Mstaafu wa Nachingwea amejibu:

Msiimwage. Liandikwe debe kwa rangi kwamba ni sumu, lifungwe, liwekwe juu mahali ambapo mtoto hafiki, na mmuulize bwana shamba wa kata namna ya kuliondoa. Beseni nalo lisirudi jikoni.